Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapaliwa anapokula: nianzie kwa tabibu yupi?

Mama wa Arua

Ndugu zangu, habari za majumbani. Mwanangu ana miaka 3 na miezi 4. Alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, na baadaye daktari akatuambia kwamba ana mtindio wa ubongo. Hasemi neno lolote, shingo haijakaza, na mlo mmoja humchukua karibu saa nzima, akipaliwa na kukohoa hata kwa uji mwepesi. Mwaka huu amelazwa mara 2 kwa nimonia. Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana, anashauri mtoto akatwe kimio. Mimi nilikuwa nikitafuta tabibu wa usemi ili aanze kuzungumza, lakini jirani ananiambia nianze na tibakazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kukaa na kula, na nauli niliyo nayo ya kufika Kampala ni ya safari moja tu. Nianzie wapi?

Mhudumu wa tibakazi, Kampala

Mama, kabla ya yote nakuomba kimio kisikatwe. Mwanao anapaliwa kwa sababu ubongo hauiongozi vyema misuli ya mdomo na koo. Kukata kimio kutamwachia kidonda, pengine na kutokwa damu au maambukizi, na kupaliwa kutabaki palepale. Mweleze mama mkwe kwa upole, kwani naye anamtakia mjukuu wake heri.

Kikohozi cha wakati wa kula, pamoja na nimonia hizo mbili, vinanitia shaka kwamba chakula kinaingia katika njia ya hewa. Kwa hiyo tuanze na kula, usemi ufuate. Wengi hawajui kwamba tabibu wa usemi ndiye pia anayepima umezaji, kwa kuwa ulimi, midomo na koo vinavyotumika kusema ndivyo vinavyotumika kumeza. Taaluma hiyo bado ni changa kwetu, maana Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuifundisha mwaka 2008, na wengi wa wataalamu wake wako Kampala. Watu wa tibakazi ni rahisi zaidi kuwapata, hivyo ulizia kwanza hospitali ya rufaa hapo Arua kabla ya kutumia nauli yako.

Wakati ukisubiri, mkalishe wima, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa, kichwa kikiwa katikati na kidevu kimeinama kidogo. Kaa mbele yake, usawa wa macho yake, umpe kijiko kidogo na usubiri ameze ndipo umpe kingine. Usimlaze mpaka nusu saa ipite baada ya kula.

Mzazi wa Bombo

Dada, binti yangu nilikuwa nikimlaza chali mapajani na kummiminia uji, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyoona wadogo zangu wakilishwa. Mtaalamu alitufundisha kumtengenezea kiti cha maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, kikakauka kikawa kigumu kama mbao, na fundi hakuhitajika. Kupaliwa hakukuisha, ila kulipungua sana, na uzito ukaanza kupanda. Kuhusu kusema, hata leo hana maneno, lakini hutuonyesha anachotaka kwa kuelekeza macho kwenye picha ya kikombe au ya kitanda, nasi tunamwelewa. Wala picha hizo hazimzuii mtoto kujifunza kusema, kama wengine wanavyohofia.

Mama wa Arua

Asanteni sana. Leo mchana nimemkalisha hivyo, nikaukoroga uji mzito kidogo, akakohoa mara moja tu. Je, maji nimpeje, na joto la huku ni kali?

Mhudumu wa tibakazi, Kampala

Maji ndiyo magumu zaidi, kwa sababu hukimbilia kooni kabla misuli haijajiandaa. Usimnyime, mpe kidogo kidogo kwa kijiko, mara nyingi kwa siku, akiwa amekaa vilevile, na umwombe atakayempima akuonyeshe kiasi kinachomfaa. Akihema kwa shida, akipata homa baada ya kupaliwa, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.