Kompyuta ya duka inadai nimegawa kwa sifuri, na Jumamosi kuna mahesabu

Mwanaduka_Moro
Wakuu salaam. Naombeni msaada, kejeli wekeni pembeni. Dukani kwetu (vipuri vya pikipiki na baiskeli) tuna programu ya mauzo na madeni aliyoiandika baba mdogo mwaka 1996, sasa ni marehemu. Ni zile za skrini ya bluu, hata kipanya hazijui. Tangu juzi nikiifungua inajifunga hapo hapo na kuniachia mstari mmoja, Runtime error 200. Nimeuliza nikaambiwa maana yake ni kugawa kwa sifuri. Sasa mimi nimegawa nini, na hata menyu sijaiona? Jumamosi ndugu wanakuja kwa ajili ya mirathi na madeni ya wateja yote yamo humo. Niformati, au ninunue diski mpya?

Chachandu
Kugawa kwa sifuri ndiyo maisha yangu kila mwezi kuanzia tarehe 15. Pole mkuu. Nimekaa siti ya mbele.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu, daftari. Marehemu mume wangu kauza khanga miaka thelathini, madeni yote kwenye daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Aliyekimbia na deni tulimjua hadi kwa shangazi yake. Daftari halijawahi kuniambia mia mbili.

Mzee_wa_Disketi
Hiyo ni Pentium. Mwaka 1994 profesa mmoja wa hisabati Marekani, Thomas Nicely, aligundua prosesa ya Pentium inakosea kugawa. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727 ilitakiwa upate 1.33382, yenyewe ilikupa 1.33374. Intel walianza kwa kusema si kitu, mwisho wakakubali kuzibadilisha, ikawagharimu dola milioni 475. Enzi hizo nilikuwa na Pentium ofisini, kila mfanyakazi akija ananiambia mshahara wake umekosewa kwa sababu ya prosesa. Badilisha prosesa.

Kobe_Mwendo
Mzee, shikamoo, lakini siyo hiyo. Ile ilikuwa inakosea kimya kimya, haitoi ujumbe wowote. Mwanaduka, programu iliyofunguka tangu 1996 haiamki asubuhi moja imesahau kugawa. Juzi umebadili nini?

Mwanaduka_Moro
Sijabadili kitu mkuu. Programu ni ile ile.

Kobe_Mwendo
Sijauliza programu. Mashine je?

Mwanaduka_Moro
Sawa. Mashine nimehama. Ya zamani ni 486 (kizazi cha kabla ya Pentium), ilikuwa inasumbua kuwaka, shemeji yangu ambaye ni fundi akasema imekufa. Akaniletea Pentium 4 yenye Windows XP, nikahamisha folda kwa disketi. Sikusema mwanzo kwa sababu nawajua, mngeanza kumshambulia fundi. Yeye ndiye kasema tatizo ni diski, na nimeshampa 80,000 ya kuanzia aje aformati. Ni mtu wa nyumbani, nikimgeuka leo dada yangu nitamwambia nini? Na hata hivyo diski ina kelele kweli.

Chachandu
Shemeji! Nilikuwa najiuliza atatokea saa ngapi.

Shahidi_Asiyelala
Wakuu, mnakunywa chai na sukari mnaongeza wenyewe. Mashine ya 486, disketi, marehemu mwandishi wa programu, shemeji fundi, mirathi Jumamosi. Imebaki mganga tu. Weka picha ya skrini au uzi ufungwe.

Bi_Mkubwa_Tanga
Na mimi nilishangaa. Duka gani lisilo na daftari?

Mwanaduka_Moro
Kamera ya simu yangu imepasuka. Nimenakili kwenye kipande cha boksi, herufi kwa herufi: Runtime error 200 at 0D1F:0091.

Chachandu
Kamera nayo imepasuka 🤣

Kobe_Mwendo
Shahidi, kaa chini. Zile nne za mbele hubadilika, lakini hiyo 0091 ya nyuma nimekutana nayo mara nyingi, na mara zote ilikuwa ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal 7 kwenye mashine yenye mbio. Mtunzi angeandika 200 akaridhika.

Mwanaduka, sikiliza. Programu hizo kabla ya kufanya lolote hupima kasi ya mashine, zijue kusubiri milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Saa ya ndani hupiga kila milisekunde 55 hivi. Programu inazunguka bure kutoka pigo moja hadi linalofuata, inahesabu mizunguko, kisha inagawa kwa 55. Jibu limetengewa biti 16, yaani mwisho 65,535. Kwenye 486 linaenea na nafasi inabaki. Kwenye Pentium 4 mizunguko inapita milioni 3.6 kwa pigo moja, jibu linamwagika. Prosesa nayo ina kengele moja kwa makosa mawili, kugawa kwa sifuri na jibu kufurika, na Pascal ikiisikia inasema sifuri. Hakuna sifuri hapo. Umegawa kwa 55.

Diski haihusiki, na ukiformati utafuta madeni ya watu. Nakili folda nzima pembeni, kisha tafuta kiraka kinachoitwa TPPATCH, kinarekebisha faili la EXE, yaani programu yenyewe. Kikikataa, huenda EXE ilibanwa, ifumue kwanza. DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani, nayo itaifungua, weka kasi yake cycles=3000, ila DOSBox ya kawaida haichapishi, na nina hakika risiti zenu zinatoka kwenye ile printa ya kelele. Na 486 iko wapi?

Mwanaduka_Moro
Kwa shemeji. Alisema ataipeleka kwa watu wa vyuma chakavu.

Kobe_Mwendo
Ifuate leo hii.

Shahidi_Asiyelala
Hiyo 0091 hata mimi naweza kuisoma mahali. Ila sawa, tuendelee.

Mwanaduka_Moro
Mrejesho, saa tano usiku. Kiraka kimekubali. Imefunguka, na pale juu bado kuna "KARIBU, LIPA DENI" aliyoiweka baba mdogo. Nimechapisha ukurasa mmoja, umetoka. Shemeji kapiga simu anauliza aje kesho saa ngapi, sijapokea.

Mzee_wa_Disketi
Kijana, ile 486 mkiipata, inauzwa?