Mtoto wa mwaka 1 na miezi 10 kunyonya kumegeuzwa aibu hapa Tanga, nami nimechoka kunyamaza

Assalam alaykum, na salamu kwa wote. Ninaandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani tangu Alhamisi iliyopita nilipompeleka mwanangu kliniki kupimwa uzito.

Tulikuwa akina mama wengi siku hiyo, wengine kwenye mabenchi, wengine wametandika kanga sakafuni. Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 10. Alikuwa ameamka alfajiri, joto limemchosha, akavuta ushungi wangu na kusema "nyonyo", nami nikajifunika vizuri nikampa. Muuguzi aliyekuwa akiita majina akanyamaza, akanitazama, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa: "Wewe mama, dume zima hilo bado linanyonya? Ndiyo maana halina uzito. Liachishe, lile chakula." Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, mtu mzima wa kunizaa, akaongeza: "Mwanangu, huyo ni mume wa mtu, mwonee haya." Nikamtoa mtoto kwenye ziwa. Nilimtoa mimi mwenyewe kwa mkono wangu, naye akalia mpaka zamu yetu ilipofika, na hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yote niliyoambiwa.

Naomba muone jambo moja. Muuguzi alisema mtoto hana uzito kabla hajampandisha kwenye mizani. Alipompandisha, alikuta kilo 11 na gramu 200, akaweka nukta kwenye kadi, na nukta hiyo ikaangukia kwenye rangi ya kijani kama zilivyoangukia nukta zake zote tangu azaliwe. Hakusema neno. Alinirudishia kadi na kumwita mwingine.

Kliniki hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha, nilipokuwa na mimba yake, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na ndio mwongozo unaofuatwa nchini kwetu. Sasa mimi niliyesikiliza somo nikalitekeleza ndiye ninayedhalilishwa mbele ya watu na mtu yule yule ambaye kazi yake ni kulisimamia. Kama mwongozo umebadilika, tuambiwe. Kama haujabadilika, basi muuguzi yule alitumia sare ya serikali kutoa maoni ya barazani kwao.

Maoni hayo nayajua, kwa sababu nimelelewa nayo. Wifi yangu, ambaye nampenda na ananipenda, aliniambia kuwa maziwa yakishapita mwaka huwa maji matupu. Ili kunithibitishia, akaniambia nikamue kidogo kwenye kiganja. Nikakamua. Matone yalikuwa mepesi, yenye weupe wa kuelekea samawati, naye akasema, "Unaona? Hayo ni maji ya kuoshea mchele." Nilikaa kimya wakati ule kwa kuwa sikuwa na jibu. Jibu ninalo leo: maziwa yanayotangulia kutoka ni mepesi wakati wowote, hata kwa mama mwenye kichanga cha mwezi mmoja, na mafuta huongezeka kadiri ziwa linavyoelekea kuisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya miezi 12 na 24 maziwa ya mama huweza kumpa mtoto theluthi moja ya nguvu anayoihitaji kwa siku. Kingamwili zimo bado. Vitamini A imo. Na mtoto anapougua, akakataa uji, akakataa ndizi, akakataa hata chai, mara nyingi ziwa ndilo pekee analolikubali.

Ninayajua haya kwa sababu niliyalipia. Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa yuko shule, nilimwachisha akiwa na mwaka 1 na miezi 2. Sikutaka. Mama mkwe alisema mtoto akinyonya sana atakuwa goigoi, majirani pale Makorora walisema atakuwa mzito wa akili, na siku moja ndani ya daladala ya kwenda Kange mwanamke nisiyemjua kabisa aliniuliza kama sina pesa ya kununua maziwa. Basi nikapaka shubiri. Wengine hupaka pilipili au mwarobaini, na wapo wanaomfungasha mtoto akakae kwa bibi yake Muheza au Pangani mpaka asahau. Mwanangu alikuja mbio kama kawaida yake, akaonja, akakunja uso, akaniangalia. Kisha akajaribu ziwa la pili, kwa sababu hakuamini kwamba yote mawili yanaweza kuwa machungu. Nilikuwa nimeyapaka yote mawili. Wiki ya tatu akaanza kuharisha, chakula hakitaki, maziwa ya ng'ombe anatapika, na mstari wa kadi yake ukashuka kutoka kijani hadi kijivu. Sitasema kuwa kuachishwa ndiko kulikomletea kuharisha, kwa sababu watoto huharisha kwa mengi. Ninachosema ni kwamba alipougua sikuwa tena na kile ambacho angekikubali, kwa sababu nilikiondoa ili niwafurahishe watu. Na mnajua majirani wale wale walisema nini? Walisema amebemendwa, yaani amedhoofika kwa kuwa wazazi walilala pamoja mapema. Walioniambia nimwachishe ndio walioninong'ona kwamba mimi na baba yake hatukujizuia.

Hapo ndipo ninapotaka tuwe wakweli kuhusu hiyo inayoitwa mila. Bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa Pangani, alizaa watoto saba, na alikuwa akituhadithia kwamba hakuna aliyelikizwa kabla ya kutembea na kusema, na wengi wao walipita miaka miwili. Khofu ya kubemenda, tuipende tusiipende, ilijengwa juu ya hesabu hiyo hiyo: mtoto alindwe ziwa lake muda mrefu, mimba nyingine isubiri. Kwa hiyo mtu anayesimama Ngamiani leo na kuniambia kwamba kunyonyesha mtoto wa miezi 22 si desturi yetu, desturi anayoizungumzia aliipata wapi? Kwa wazee wa pwani hii haikutoka.

Dini nayo inatajwa, tena na watu wasioisoma. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na inasema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha kabla, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wao wawili. Soma tena: wao wawili. Wifi hayumo, jirani hayumo, abiria wa daladala hayumo. Nimemuuliza pia mwalimu wa chuo cha Kurani tunachopeleka watoto kuhusu mtoto atakayepitisha miaka 2 kwa miezi kadhaa, kwa sababu nimeshaanza kutishwa kwamba itakuwa haramu. Alinifahamisha kwamba mjadala mkubwa wa wanazuoni juu ya mpaka wa miaka 2 unahusu undugu wa kunyonya, yaani ni kunyonya kwa umri gani kunakomfanya mtoto wa mwanamke mwingine kuwa mwanawe na ndugu wa wanawe, na kwamba mama kumzidishia mwanawe mwenyewe kidogo kwa manufaa yake wengi hawakulikataza. Mimi si mwanachuoni na sitaki kubishana na aliyesoma. Ninamtaka tu anayenitishia kwa dini afungue kitabu kwanza.

Nikubali jambo moja, kwa kuwa sitaki kuonekana ninatetea kila kitu. Wapo akina mama wanaompa mtoto mkubwa ziwa badala ya chakula, na hilo ni kosa. Baada ya miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi, hasa kwa upande wa madini ya chuma, na mtoto anayeshinda kifuani bila kula atadhoofika. Udumavu upo nchini: takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Muuguzi ana haki, tena ana wajibu, wa kuniuliza mwanangu anakula nini. Angeniuliza ningemjibu: asubuhi uji, mchana bada (ugali wa muhogo) au wali kwa mchuzi wa samaki na mchicha wa nazi, jioni ndizi au boga, na ananyonya usiku na akiamka. Hakuniuliza. Kutukana mtu kumekuwa rahisi kuliko kumuuliza swali moja.

Na kuna unyama mwingine ambao hatuuzungumzi. Mama akimwachisha mtoto kwenye mwaka mmoja, watu wale wale huanza kuhesabu vidole na kusema kwa chini kwamba lazima "ameathirika", eti ndiyo sababu. Zamani akina mama wenye VVU walishauriwa waache kunyonyesha mapema, lakini tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linasema mama anayetumia dawa zake vizuri na kufuatiliwa anaweza kunyonyesha miezi 24 au zaidi kama wengine. Kwa hiyo ukiacha mapema unapewa ugonjwa, ukiendelea unapewa ushamba. Mwanamke wa Tanga aache lini, basi, ili midomo ipumzike?

Wako wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya kishamba na kwamba wenzetu ulaya hawafanyi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambacho awali kilitaja mwaka mmoja na zaidi, mwaka 2022 kilitoa msimamo mpya wa kuunga mkono kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi, kadiri mama na mtoto wanavyotaka. Na kwa upande wa mama mwenyewe, uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 4.3. Haya hayasemwi kwenye benchi la kliniki. Kinachosemwa ni kwamba ziwa litaanguka na mume atatoka nje. Baba watoto wangu anaposikia hivyo hukasirika kuliko mimi, kwani uamuzi huu tuliuamua pamoja, baada ya yale ya mtoto wa kwanza.

Kinachonishinda kuelewa zaidi ni hiki. Mkoa wetu unasifika kwa maziwa ya ng'ombe. Mtoto wa miaka mitano akishika kikombe cha maziwa ya ng'ombe hapa Chumbageni, kila mtu humsifu mama yake kwamba analea vizuri. Maziwa yale ni ya ndama. Maziwa aliyoumbiwa mtoto huyu, yasiyonunuliwa, yasiyochemshwa, ndiyo yanayotiwa uchafu na kuambiwa yafichwe, na mwanangu, ambaye hajui neno "aibu", ameanza kunivuta chumbani kabla ya kuomba nyonyo. Tangu Alhamisi anafanya hivyo. Amejifunza siku moja.

Sitaki muuguzi yule afukuzwe kazi, na sitamtaja yeye wala kituo. Ninataka kupeleka malalamiko kwa Mganga Mkuu wa Jiji, na nikienda peke yangu nitaambiwa ni ugomvi wa watu wawili. Akina mama wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga ambao mliambiwa kliniki muachishe watoto kabla ya miaka 2, naomba muandike hapa chini mambo matatu tu: mtoto alikuwa na umri gani, mliambiwa maneno gani, na kama kuna aliyetazama kadi kabla ya kusema. Majina msiweke. Nitayaandika kwa mkono kwenye karatasi moja, na tarehe yetu ya kurudi kliniki ikifika nitakuwa nimeshaipeleka.