Nilimpa kaka yangu figo, sasa anaruka dozi. Namwambiaje bila kuonekana namsimanga?

Mtoto wa Pili
Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri, na wenye utani naomba watulie kwanza maana hili jambo linaninyima usingizi.

Kaka yangu, ndo mkubwa kwetu, figo zote mbili zilifeli kwa presha. Tukahangaika na dialisisi mara tatu kwa wiki, familia ikauza kiwanja, mwisho tukapimwa ndugu wanne nikaonekana nafaa mimi, basi nikatoa, hiyo ni 2019. Akaanza maisha na dawa zake tatu, takrolimusi na maikofenoleti asubuhi na usiku, na prednisoloni asubuhi tu. Kiukweli alikaa vizuri, alinenepa, akarudi kazini, tukasahau kama aliwahi kuumwa.

Sasa mwaka huu kazini wamempunguza na bima ikakata hapo hapo. Juzi shemeji kanipigia kwa siri anasema shem, kaka yako anameza za asubuhi tu, za usiku anaruka ili zimfikishe mwisho wa mwezi, na maikofenoleti ana wiki mbili hajanunua kabisa. Nikampigia kaka kwa kuzunguka zunguka, naulizia afya, akacheka akaniambia "dogo, hii figo ni ya tumbo moja na mimi, mwili umeshaizoea, dawa za nini miaka yote hii".

Nikakosa la kusema. Mi mdogo wake, nikikaza sauti ataona namsimanga, na kwetu kumsimanga mtu kwa kitu ulichompa ni bora ungemnyima. Nikinyamaza namzika. Mama hajui chochote na yeye ana presha yake. Nifanyeje?

Kunguru wa Mjini
Ngoja waje wanaojua, mi nimekaa siti ya mbele.

Tiba Asili Original
Mkuu mwambie aachane na hayo makemikali, figo inasafishwa kwa mizizi na mlonge, siku 21 tu anasahau hospitali. Njoo pm.

Nesi wa Zamu
Wewe wa mizizi pita kushoto, humu kuna watu wana figo moja moja. Hizo dawa hazisafishi figo, kazi yake ni kuzituliza askari za mwili zisiivamie figo ya mgeni, na majani yakichanganyika nazo yanaweza kupandisha au kushusha kiwango cha takrolimusi kwenye damu bila mtu kujua.

Mtoa mada, hiyo ya tumbo moja nimeisikia sana wodini. Anayeweza kukaa na figo ya ndugu bila hizi dawa ni pacha wa kufanana kabisa, ndo maana ule upandikizaji wa Boston wa 1954 ulifanikiwa, walikuwa mapacha wa yai moja. Wewe na kaka yako hata mkifanana pua bado mwili wake unajua hii figo siyo ya hapa. Na mwili hauizoei. Miaka 5 au 15, ukiondoa dawa askari wanaamka.

Alafu ubaya wake hauumi. Anaweza kuwa anacheza mpira na huku kreatinini inapanda, ule uchafu wa kwenye damu unaoonyesha figo imeelemewa, akija kuvimba miguu na mkojo kupungua jua mmechelewa. Asiishie kurudia dozi kimya kimya akajiona kamaliza, aende kliniki yake wiki hii wampime kreatinini na kiwango cha dawa. Siku ya kipimo ASIMEZE takrolimusi ya asubuhi mpaka atolewe damu, aibebe mfukoni, wengi wanakosea hapo majibu yanatoka ya uongo. Na aliporuka asifidie kwa kumeza mbili kwa mpigo.

Mgonjwa Mstaafu
Nakazia kwa nesi. Mi nilipandikizwa India 2014, enzi hizo hapa nyumbani bado, Muhimbili walianza Novemba 2017. Nina alarm mbili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hata nikiwa msibani nanyanyuka na chupa yangu ya maji watu wananishangaa.

Ila nisikudanganye hizi dawa zinachosha. Mikono inatetemeka mpaka kusaini benki ni shida, uso unajaa kama andazi, sukari niliipata huku huku. Kwa hiyo kaka yako usimwone mjinga, kuna siku unajiona mzima kabisa na unachukia vidonge. Muulize pia maumivu anameza nini. Mi niliwahi kujipiga diklofenaki ya mgongo siku tano, kreatinini ikaruka, daktari alinisema kama mtoto. Balungi pia marufuku. Na akipewa dawa ya fangasi au ya TB popote pale aseme kwanza ana figo ya kupandikizwa, flukonazoli inapandisha takrolimusi, rifampisini inaishusha vibaya sana.

Simba Mzee
Mi naona waambie wazee wamweke kikao. Mkubwa haambiwi na mdogo.

Binti wa Nakuru
Kikao tena? Mzee umsomee mtu mzima kreatinini yake mbele ya wajomba?

Pole sana ndugu yangu. Mimi nilimtolea babangu figo so hiyo ya kusimanga naijua vizuri. Nitakwambia kitu moja, umeandika mwenyewe na hujaiona. Alianza kuruka baada ya kazi kuisha. Hiyo maneno ya mwili umezoea ni ya mwanaume ameishiwa na anaona haya kukwambia wewe uliyempa figo kwamba ameshindwa kununua dawa ya kuitunza. Usimwongeleshe figo, mwongeleshe pesa. Usiseme figo yangu hata siku moja. Nenda huko kwake na dawa ya mwezi mkononi, ile ile anatumianga, jina lile lile na miligramu zile zile, mwambie kaka tumegawana. Babangu hakuwa anasikia hotuba, alisikia siku nilikuja na box.

Nesi wa Zamu
Hapo kwa jina lile lile nakazia. Takrolimusi za kampuni tofauti zinaweza kuingia kwenye damu tofauti, na ile ya mara moja kwa siku siyo sawa na ya mara mbili. Famasi wakikubadilishia, daktari ajue na kipimo kirudiwe. Na muulizeni daktari wazi kabisa "tuna kiasi hiki kwa mwezi". Wakati mwingine maikofenoleti inaweza kubadilishwa kuwa azathayoprini ambayo ni nafuu, ila hilo anaamua daktari, siyo nyie wala mimi.

Kunguru wa Mjini
Leo nimejifunza kitu aisee. Mtoa mada tupe mrejesho.

Mtoto wa Pili
Mrejesho wakuu, samahani nilipotea wiki tatu.

Dada wa Nakuru Mungu akuweke. Nilipanda basi na dawa za mwezi kwenye begi, nikafika usiku, sikusema kitu mpaka tumekula. Nikaziweka mezani nikamwambia kaka tumechanga mimi na dada, mwezi ujao ni zamu ya shangazi. Akaziangalia muda mrefu, akatoka nje. Nikajua nimeharibu. Shemeji akaniambia muache. Akarudi akaniuliza tu "kliniki ni lini?"

Tulienda wote. Kreatinini aliyozoea kuwa nayo ni 118, imekutwa 176. Takrolimusi kwenye damu ilikuwa chini sana. Wakachukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, majibu yakaonyesha mwili umeanza kuikataa, akalazwa akapigwa dripu za steroidi siku tatu. Juzi imeshuka 141. Daktari anasema inaweza isirudi pale pale ilipokuwa ila tumeiwahi. Maikofenoleti kamwachia kwanza, ya kubadilisha wataangalia baadaye.

Na la diklofenaki lilikuwepo, mzee wa India umeniokoa, alikuwa anazinunua za goti.

Sasa swali langu lingine, yeye yupo Rukwa na hizi dawa huko hazipatikani, namtumia kwa basi kutoka Dar. Mnaotuma mikoani mnazifungaje zisipate joto? Maana lile buti la basi mchana ni kama jiko.

Mgonjwa Mstaafu
Usiweke kwenye buti. Mpe kondakta mkononi, basi la usiku, na usizitoe kwenye pakiti zake. Na tuma kabla hajabakiza za wiki mbili, siyo siku mbili, mvua ikinyesha huko mnajua wenyewe barabara.

Mtoto wa Pili
Sawa mzee, la alhamisi usiku litabeba.