Nimhamishie binti shule ya binafsi? Walimu wa huko kweli ni bora kuliko wa serikali?

MamaWawili:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na walimu mliomo humu msinipite. Binti yangu yuko darasa la nne shule ya serikali. Darasa limefurika, ila mwalimu wake wa hisabati ana shahada ya ualimu na uzoefu wa miaka mingi. Baba yake anataka tumhamishie shule ya binafsi, anasema huko walimu wanafundisha kweli. Nimeenda kuangalia: wengi ni vijana waliomaliza chuo juzi tu, wengine ualimu hawajausomea. Lakini madaftari yao yana tiki nyekundu kila ukurasa! Nimfuate mwenye vyeti au anayesimamiwa?

ChakiNyeupe:
Dada, nimefundisha pande zote mbili. Binafsi mwalimu hakosi darasani, maana mkataba ni wa muda mfupi na mwenye shule anapita madirishani. Shida ni kwamba akipata ajira serikalini anaondoka hata katikati ya muhula, watoto waanze kumzoea mwingine. Ukirudi pale waulize walimu wa mwaka jana wangapi bado wapo. Ufaulu watakutajia wenyewe bila kuulizwa.

Na hizo tiki zisome. Nimeshika daftari ambalo mtoto kaandika 3/4 + 1/2 = 4/6, kapigwa tiki! Mwalimu alikuwa anakimbizana na ukaguzi wa mkuu wa taaluma. Anayejua kazi angeona mara moja kwamba mtoto kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, angemrudisha kwenye nusu ina robo ngapi. Hapo ndipo ubora wa mwalimu unaonekana, na inaniuma sana wazazi wanapohesabu tiki tu.

MpendaTakwimu:
Mleta uzi, kwenye PISA ya 2018, ule mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wanafunzi wa shule binafsi waliongoza katika kusoma kwa wastani wa nchi za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri). Hali ya kiuchumi ya familia ilipozingatiwa, wa shule za umma wakawa mbele. Yaani sehemu kubwa ya sifa tunazowapa walimu wa binafsi ni za nyumbani kwa watoto.

Huko Andhra Pradesh, India, watoto wa vijijini walipewa nafasi za kulipiwa shule binafsi kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 4 hawakuwapita wenzao katika Kitelugu, lugha ya huko, wala hisabati. Kihindi ndicho walichopata zaidi.

BabaJunia:
Mkuu, malizia basi. Shule zile za binafsi zilitumia muda mchache zaidi kwenye Kitelugu na hisabati, na walimu wao walikuwa na mafunzo kidogo na mishahara midogo kuliko wa serikali. Kufika palepale kwa hali hiyo si jambo dogo. Mimi nilimhamisha wangu kwa sababu mwalimu alikuwa haonekani darasani wiki nzima, na sijutii. Shahada ya mtu asiyeingia darasani inamsaidia nani?

MamaWawili:
Wa kwangu anaingia kila siku, namshukuru Mungu. Tatizo ni wingi wa watoto, hawezi kuwafikia wote.

ChakiNyeupe:
Basi usiwe na haraka. Mchumi wa elimu Eric Hanushek na wenzake walichunguza shule za Texas wakakuta walimu wanatofautiana sana hata ndani ya shule moja. Usilinganishe shule, linganisha watu wawili: atakayemfundisha hisabati mwakani hapo alipo, na atakayemfundisha huko. Waulize majina kabisa.

MamaWawili:
Naweza kuomba kukaa darasani nisikilize kipindi?

ChakiNyeupe:
Omba. Wakikataa, omba madaftari ya watoto watatu wa darasa hilo: anayeongoza, wa katikati na wa mwisho. Anza na la wa mwisho, uangalie kama alipokosea alirudia na kama kuna aliyemsahihisha tena.