PCB, daraja la kwanza la pointi 7: Muhimbili, UDOM au wapi?

Baba Tusa, Tukuyu
Habari zenu wadau. Binti yangu kamaliza kidato cha sita: Kemia B, Baiolojia B, Fizikia C. Anataka udaktari, na anakitaja chuo cha Muhimbili tu. Mimi ni mwalimu wa msingi, wadogo zake wawili wako sekondari. Je, ufaulu huo unatosha? Na chuo gani cha serikali mzazi kama mimi nitakimudu?

Dada wa Chimwaga
Hongera sana, mwalimu. Mimi nimesoma udaktari UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na mahindi ya mama.

Ile 7 ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ambako pointi chache ndiyo ufaulu mzuri, iweke pembeni. Kwenye udahili A ni 5, B ni 4, C ni 3, kwa hiyo ana 11 kati ya 15. Vigezo vya chini vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kavuka, lakini nafasi ni chache na wanajaza kuanzia wenye pointi za juu. Muhimbili aombe, ila asiombe hiyo peke yake.

Ada usiipe uzito sana. Kilichonitesa mimi ni kula na kulala, na udaktari ni miaka 5. Bumu, yaani hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku, uwe Upanga kilipo chuo cha Muhimbili au Dodoma. Mimi nililala bwenini, darasani naenda kwa miguu. Binamu yangu aliyesoma Dar alipanga chumba Buguruni. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na bumu bado halijaingia. Alilia kwenye simu.

Mnyakyusa wa Mwanjelwa
Mbona mnaisahau Mbeya? UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana ndaki ya afya hapa, udaktari upo. Kutoka Tukuyu ni koasta moja.

Baba Tusa, Tukuyu
Kumbe! Basi hata ndizi mama yake atampelekea. Tuombe vyote vitatu?

Dada wa Chimwaga
Vyote, kila chuo kivyake. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, atathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Naomba sana aandike namba yake mwenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika ya mwenye steshenari, ikamtoa jasho kumtafuta siku za mwisho. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, sasa hivi, maana kinatakiwa kwenye maombi ya mkopo, na mkopo hausubiri majibu ya chuo.