Git Flow au tawi kuu moja? Programu huria ya VICOBA

KijanaSinza
Wakuu, habari za leo. Tuna programu huria ya kutunza hesabu za VICOBA. Jumamosi tunakutana Kijitonyama kuamua mambo mawili: tufuate Git Flow (utaratibu wa kugawa kazi kwenye matawi kadhaa ya Git, yaani nakala za msimbo zinazoendelezwa kando kando) au wote tufanye kazi kwenye tawi kuu, na ripo (hifadhi ya msimbo na historia yake) ibaki kwenye huduma ya mtandaoni ya GitHub au tuihamishie kwenye seva yetu yenye Gitea (programu ya kuhifadhi ripo kwenye seva yako mwenyewe). Kura zimegawanyika. Waliopitia naomba ushauri.

BahariTemeke
Mkuu, swali lako halina nyama. Mko wangapi? Ni ya simu au ya wavuti? Vikundi vyote vinatumia toleo moja?

FundiGit
Git Flow, usihangaike. Tawi la main ni la matoleo, la develop ni la kazi inayoendelea, dharura ina tawi lake. Ipo tangu 2010.

DadaUbungo
@FundiGit, Vincent Driessen aliyeiandika aliongeza maelezo mwaka 2020: timu ya wavuti inayotoa mabadiliko mfululizo itafute utaratibu mwepesi zaidi. Git Flow akaiachia programu yenye matoleo ya namba, au inayohudumia matoleo kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana Bahari kauliza.

MzeeWaSeva
Kinachoua miradi ni matawi yanayokaa muda mrefu. Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja hapa mjini ambako kila mteja alikuwa na tawi lake. Akitaka risiti ya aina yake, tawi lake linabadilishwa, na wote wanaridhika. Kisha ikaonekana hitilafu kwenye hesabu ya riba. Ikarekebishwa kwenye main, halafu ikabidi marekebisho yale yahamishwe tawi kwa tawi. Faili ile ile ilishabadilishwa kivyake kila mahali, kwa hiyo kila tawi lilikuja na migongano yake, na waliosuluhisha walikuwa wanakisia tu aliyeandika alikusudia nini. Tawi moja likarukwa. Kikundi kile kiliendelea kutozwa riba isiyo sahihi mpaka mama mmoja mwanachama alipokaa na daftari lake akapiga hesabu kwa mkono. Hela za watu hizo! Tofauti za wateja ziwekeni kwenye mipangilio, matawi yaacheni. Tawi la kazi liishi siku chache, liunganishwe, lifutwe. Kila toleo lipewe tagi, yaani alama ya jina kwenye historia.

KijanaSinza
Samahanini wakuu. Ni ya Android, tuko wachache, wote wa kujitolea. Vikundi vingi bado viko kwenye toleo la zamani kwa sababu ya bando.

FundiGit
Basi nilichosema kinasimama. Mna matoleo ya zamani mikononi mwa watu.

DadaUbungo
Hayo yanahitaji tawi la toleo, develop ya nini? Kiini (kernel) cha Linux kinaendeshwa hivyo: Linus Torvalds, mwanzilishi wake, hupokea mambo mapya kwa wiki mbili, baada ya hapo ni kurekebisha hadi toleo litoke. Matoleo ya nyuma yana matawi yao na wasimamizi wao.

BahariTemeke
Kuhusu Gitea: ni nyepesi kweli, seva ndogo inatosha. Ila umeme ukikatika usiku, nani ataamka? Msimbo hauna shida, kila aliyenakili ripo nzima ana historia yote. Taarifa za hitilafu na mijadala ndizo zinazokaa kwenye hifadhidata ya seva. GitLab, huduma nyingine kama GitHub, Januari 2017 walipoteza takriban saa sita za data ya aina hiyo, ripo zenyewe zikabaki salama. Fanyeni nakala rudufu, na mjaribu kuirudisha.

MzeeWaSeva
GitHub ni ya Microsoft tangu 2018. Mradi huria usiweke kila kitu kwa kampuni moja. Angalieni Codeberg, huduma kama hiyo isiyo ya kibiashara.

FundiGit
Wachangiaji wako GitHub, mzee. Huko kwingine nani atawaona?

MsomiMbagala
Jamani, mwenye bando dogo atumie `git clone --depth 1`, anapata komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho tu, bila historia yote. Halafu @KijanaSinza, umesema huria, leseni ni ipi?

KijanaSinza
Hilo nalo ni la Jumamosi. Wengine wanataka GPL, wengine MIT.

DadaUbungo
GPL, ili atakayeisambaza ikiwa na mabadiliko yake atoe na msimbo wake.

FundiGit
MIT, haina sharti hilo. Fungua uzi mwingine tubishane vizuri.