Kura ya kuongeza kodi ya zimamoto: ile asilimia 1 imekwenda wapi?

MamaNeema_WA
Habari za jioni ndugu zangu. Karatasi ya kura ya Agosti imefika kwa posta, iko hapa mezani. Wilaya yetu ya zimamoto (eneo linalotoza kodi yake la kulipia zimamoto), huku kaunti ya Pierce, jimbo la Washington, Marekani, inaomba kutoza dola 1.50 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Sasa tunalipa 1.10. Nyumba yetu imethaminiwa dola 500,000. Tuliponunua tuliambiwa sheria ya Washington hairuhusu kodi ya majengo kupanda zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka. Hii imetokea wapi? Mume wangu anasema tukatae. Mimi nasita, maana mwezi Machi mama mkwe alianguka bafuni, na hao hao walikuwa mlangoni kabla sijamaliza kumfunika kanga.

Mzee_Mwanga
Pole sana kwa mama. Hiyo asilimia 1 hata mimi niliielewa vibaya miaka mingi. Haihusu bili yako, inahusu kapu zima, yaani jumla ya kodi ambayo wilaya inakusanya. Ikiwa mwaka jana ilikusanya dola 4,000,000, mwaka huu haivuki 4,040,000, ukiacha kodi ya majengo mapya. Thamani za nyumba zikipanda, kapu halijai zaidi. Kinachoshuka ni kiwango cha kila dola 1,000. Ndivyo mnavyojikuta kwenye 1.10, huku mishahara na magari ya wagonjwa havingoji asilimia 1.

Ukomo huo wananchi waliupitisha kwa kura mwaka 2001. Mahakama ya juu ya jimbo ikaufuta mwaka 2007, bunge likaurudisha mwaka huo huo. Wilaya ikitaka kuuvuka lazima iwaombe ninyi, na nusu ya kura na moja inatosha. Kwa kodi hii, 1.50 ndiyo mwisho wa sheria.

Kwenu ni senti 40 mara 500: dola 200 kwa mwaka, nusu Aprili, nusu Oktoba.

Sasa vaa miwani usome maneno ya mwisho ya karatasi hiyo ya kura. Je, wanasema kiasi kipya kitakuwa msingi wa kuhesabia miaka inayofuata? Hapo ni ya kudumu. Wasiposema, muda ukiisha hesabu inarudi kana kwamba kura haikupita. Mimi huamulia hapo.

mpangaji_Kent
Na sisi tuliopanga tunapiga kura hii, mradi uwe raia na umejiandikisha. Jirani yangu aliitupa bahasha akidhani ni ya wenye nyumba. Kodi yao ikipanda tunaiona kwenye pango, kwa hiyo msiitupe.

MamaNeema_WA
Nimesoma. Ni miaka 6, na msingi wa baadaye haukutajwa. Nimemsomea mume wangu mara mbili, naye sasa anakubali ndiyo. Limebaki la mama mkwe: amepata uraia juzi, hii ni kura yake ya kwanza, na mkono wa kulia tangu aanguke haushiki kalamu. Nimsainie bahasha yake ya kura?

Mzee_Mwanga
Usimsainie kabisa. Aweke alama yake mwenyewe kwenye bahasha mbele ya mashahidi wawili, nao wasaini pembeni. Wewe na mume wako mnatosha.